Makala zangu zilikatwa zikawa koti: nilivyojenga tovuti yangu ya portfolio hapa Kigali

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaoandika humu kila siku na mnaopita kusoma tu.

Mimi nilikuwa wa hao wa pili. Nimesoma jukwaa hili muda mrefu bila kuchangia hata mstari. Leo naandika kwa sababu kuna swali limenikalia kifuani, na watu wa nyumbani siwezi kuwauliza.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Sitaongeza kitu, kilichopo kinatosha.

Niiteni Zaina. Nasoma uandishi wa habari hapa Kigali, mwaka wa mwisho. Uzi huu ni wa kujifunza kujenga tovuti ya portfolio, ule ukurasa unamoweka kazi zako ili mwajiri azione. Lakini itabidi nianzie kwenye cherehani. Mnivumilie.

Baba yangu ni fundi nguo, Mzee Haruna. Tunakaa Gitega ya hapa hapa Kigali, kwenye kichochoro kinachoteremka hadi mtu anayepita juu unamwona viatu tu. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yake. Ukoo wake ni wa wale Waislamu ambao babu zao walifika huku na biashara ya pwani, wakaoa, wakabaki. Kwetu Kinyarwanda ni cha nje ya mlango, Kiswahili ni cha ndani.

Baba hushona suti. Kabla ya kugusa kitambaa hukata karatasi kwanza: mgongo, kifua, mikono, kola, mfuko, kila kipande kwa umbo lake. Karatasi hizo anaziita patroni, Kifaransa alichofundishwa na fundi wake. Huzilaza juu ya kitambaa, akazizungushia chaki, ndipo mkasi unaingia.

Na karatasi anayoitaka ni gazeti. Anasema gazeti ni pana, linakunjika bila kelele, linashika pini. Chini ya meza yake hakukosekani bunda la magazeti ya zamani yaliyotoka kwenye ofisi za mjini.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye vipande hivyo. Nilikaa sakafuni nikasoma mikono ya makoti na mifuko ya suruali. Nilijua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache sana. Nadhani ndiyo maana nikaingia chuo hiki: nilitaka kujua baada ya mkasi kulikuwa na nini.

Siku nilipopata nafasi ya chuo, baba alisimamisha cherehani.

"Siku moja," akasema, "nitakata koti la mtu mkubwa kwa gazeti lenye jina lako."

Halafu akafikiri, akatikisa kichwa.

"Hapana. Lenye jina lako halikatwi."

Tukacheka.

Mwaka wa pili nikapata mafunzo ya kazi kwenye gazeti dogo la wiki, ambalo lilikuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Sikuwa na laptop. Nilichapa makala zangu kwenye kompyuta za ofisi, zikabaki humo humo. Niliandika juu ya akina mama wanaouza parachichi Kabuga, juu ya wafagiaji wa njia za Gitega, juu ya mzee anayetengeneza redio ambazo hakuna anayezisikiliza tena.

Gazeti lile lilikuwa na mtindo wake. Jina la mwandishi lilikaa juu, chini kidogo ya kichwa cha habari, upande wa kushoto, kwa herufi nyembamba zilizolala kama majani yaliyopitiwa na upepo. Nilikuwa nalitazama jina langu pale mpaka linakuwa geni.

Kila toleo likitoka nilimletea baba. Alilishika kwa mikono miwili, akalikunjua, akatulia mbele yake kama mtu anayesoma.

"Maashallah," alikuwa akisema. "Sasa nisomee wewe, mama yangu. Nataka kusikia linavyotoka kinywani mwako."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilisimama karibu na meza ya pasi nikasoma kwa sauti, naye akafumba macho akisikiliza. Nilidhani anafumba kwa raha.

Nikimaliza, alilichukua gazeti akaliweka juu ya kabati, mbali na bunda la chini ya meza. Pale juu palikuwa pangu.

Kisha gazeti likafa. Wanaojua hali ya magazeti ya karatasi huku kwetu hawatashangaa. Lilipunguza kurasa, likaanza kuruka wiki, mwisho likanyamaza. Mhariri alihamia Kampala. Nilipompigia kuuliza nakala za zamani aliniambia zilitolewa pamoja na samani. Hapa mifuko ya plastiki imekatazwa, kila karatasi ina kazi. Makala zangu zimefungia watu karanga.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wetu wa mwaka wa mwisho, Madamu Clémence, alisimama mbele ya darasa akasema:

"Hakuna anayefungua bahasha siku hizi. Mkiomba kazi wataomba link. Kama huna link, hujawahi kuandika."

Chumba cha habari cha redio moja kubwa ya hapa mjini kilikuwa kinatafuta wanafunzi wa kuwachukua, na fomu yao iliomba hicho tu: link ya portfolio yenye kazi zilizowahi kuchapishwa. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nyumbani hakuna mwingine anayekaribia kupata mshahara, na baba alishaanza kurudisha vitambaa vya watu akisema kazi zimemzidi. Nilimwamini.

Nikamwendea Egide.

Egide ni mwenzangu darasani. Amekulia Bujumbura, familia yake ikarudi Rwanda akiwa mkubwa, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kule na tunaelewana. Yeye alijifundisha mambo ya tovuti peke yake, kwenye simu.

"Sha, hii kitu iko rahisi," akaniambia. Huku "sha" ni kama kusema rafiki yangu. "Unachukua template, unatoa majina ya wazungu, unaweka yako. Wewe unaogopa kompyuta kama vile inauma."

Haikuwa rahisi kama alivyosema. Wiki ya kwanza nilifuta ukurasa mzima nikidhani nafuta picha. Template ilikuja na maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi, na mimi nikakaa nikijaribu kuyatafsiri. Egide alicheka mpaka akatoka nje.

Lakini polepole nikaelewa. Kuna kichwa cha ukurasa, ambako jina lako linakaa kubwa. Kuna menyu, kuna mwili, na kuna mguu wa ukurasa, kule chini kabisa ambako watu huweka mwaka na barua pepe na hakuna anayefika. Nilianza kuipenda kazi yenyewe. Kupima, kulaza, kusogeza, kuunganisha. Nilikuwa nafanya hayo kwa laptop ya kuazima kwa Egide, juu ya meza ya pasi, baba yuko kwenye cherehani, kila mtu na mshono wake.

"Sasa lete kazi zako," Egide akasema siku mifupa ya tovuti ilipokamilika.

Nikafungua anwani ya lile gazeti ili nichukue link zangu. Kompyuta ikafikiri, ikaleta ukurasa wa rangi ya machungwa, mipira inazunguka, unaambiwa weka dau ushinde. Anwani ilikuwa imeachwa, mtu mwingine akaichukua akaifanya ya kamari.

Egide akajaribu njia zake zote. Hakupata kitu.

"Uko na karatasi?"

"Ninazo. Ziko nyumbani, juu ya kabati."

"Basi hakuna shida. Tutapiga picha."

Nilirudi nyumbani nikapanda kwenye kigoda. Juu ya kabati palikuwa pasafi. Hapakuwa na vumbi wala gazeti.

"Mama, magazeti yangu?"

Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Si niliyashusha nilipofuta kabati, kabla ya Idi? Niliyaweka hapo karibu na meza ya baba yako, nikasema atayarudisha."

Nikamgeukia baba. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa suruali.

"Kama yalikuwa hapa yapo hapa," akasema. "Karatasi haitembei."

Tulipekua bunda lote la chini ya meza, hayakuwemo. Bado tuko sakafuni, mlango ukajaa mtu.

Alikuwa mteja wa baba, kijana mfanyabiashara wa Kabuga anayeitwa Bosco. Mkononi ameshika koti jipya, amelishika kwa kola kama mtu aliyekamata kuku mwizi. Koti hilo alishonewa kwa ajili ya gusaba, siku ambayo upande wa mwanamume unakwenda kuomba binti mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mnaojua sherehe hiyo mnajua: unakaguliwa kuanzia viatu.

"Mzee, salaam. Mimi sikuja kwa ubaya. Lakini angalia hii kitu."

"Ina nini?"

"Ina nini! Hii mistari huku iko inasimama, huku iko inalala. Mimi naenda kuomba mke, siendi kulala."

Mama alizuia kicheko kwa kiganja. Bosco akalivaa ili tuone vizuri. Kilikuwa kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba myeupe. Upande wa kulia mistari ilisimama wima. Upande wa kushoto ilikwenda mshazari, kuanzia begani hadi kiunoni, kama mvua yenye upepo. Na mkono wa kushoto ulikuwa umegeuzwa.

"Baba mkwe atauliza kama fundi alikuwa amelewa ama ni mimi nimelewa," Bosco akasema.

"Kijana, nimekata makoti kabla hujajua kufunga kifungo," baba akajibu. "Geuka nione."

Bosco akageuka. Baba akampapasa mabega, akashuka na mishono, akapima mkono kwa shubiri yake.

"Koti limekaa. Mabega sawa, kiuno sawa. Mistari gani unayosema?"

Wakuu, mistari ile ilikuwa ya kusukwa ndani ya kitambaa. Kidole hakiwezi kuigusa.

Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anasubiri baba acheke.

"Zaina," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuharakisha, "hebu tuone patroni yake. Huenda kosa ni huko."

Aliinua mkono kuelekea ukutani, akaugusa ukuta mbali na msumari, akateleza na kiganja mpaka akaufikia. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani ni mazoea ya fundi kuujua ukuta wake. Akashusha vipande vya karatasi vilivyofungwa na kamba, akanipa.

"Tafuta mkono wa kushoto."

Nikafungua kamba. Kipande cha kwanza nilichoshika kilikuwa na maneno haya: "Hufika sokoni kabla mwanga haujaamua uwe wa rangi gani."

Mhariri alitaka kuifuta sentensi hiyo. Nilimbishia hadi akachoka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeandika sentensi hiyo.

Nikashika kingine. Kola, na ndani ya kola mzee wa redio anaeleza jinsi ya kuuza sauti. Nikashika mfuko, wafagiaji wa Gitega. Nikashika mgongo, kipande kikubwa kuliko vyote, na pale juu, upande wa kushoto, kwa herufi nyembamba zilizolala, jina langu.

"Baba, haya magazeti uliyatoa wapi?"

"Hapo mezani. Gazeti ni gazeti, mama, ni ya zamani hayo."

Nilimsogezea mgongo wa koti usoni. "Hapa pameandikwa nini?"

Akaushika kwa mikono miwili, akatulia mbele yake. Vile vile alivyokuwa akitulia siku zote.

"Mwanga wa humu ndani mbaya," akasema.

Ilikuwa adhuhuri. Mlango uko wazi, jua limeingia hadi miguuni pake.

Mchele ulikuwa unamwagika kutoka kwenye ungo wa mama, hakuuona. Bosco alivua lile koti taratibu, akalikunja vizuri kama jipya la dukani, akaliweka mezani.

"Mzee Haruna," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto wa mtu, "usijali. Nitaazima ya kaka yangu. Tunalingana."

Akatoka kinyumenyume.

Nitafupisha sehemu ya hospitali. Tulimpeleka upande wa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege. Daktari alikuwa dada mwenye upole, akamtazama jicho moja, kisha la pili, kisha akarudi kwenye la kwanza, nami nikajua.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Inaanza pembeni, haiumi, inakula polepole na mtu anazoea. Kilichokwenda hakirudi. Tutapigania kilichobaki."

"Na kilichobaki ni kipi, daktari?"

"Katikati kidogo. Kama unachungulia kwenye tundu la kitasa."

"Na tundu lenyewe lina ukungu," baba akasema, kama anayemrekebisha mwanafunzi.

Akaandikiwa dawa ya matone. Tulipotoka nje ndege ilikuwa inapita chini chini juu ya mapaa. Baba alisimama akainua uso.

"Inatua au inapaa?"

"Inatua."

"Zamani nilikuwa najua," akasema.

Nyumbani mama alilia. Alisema kila asubuhi alikuwa akimtungia uzi kwenye sindano nyingi na kuzichoma kwenye kimto, tayari kwa siku nzima, akidhani ni uzee tu. Na kwamba ni yeye aliyeyashusha magazeti.

"Wewe ulifuta vumbi," baba akamwambia. "Mkasi nilishika mimi."

Mabaki ya karatasi, yale yaliyozunguka vipande, yalishawashiwa jiko. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Makala zangu zote duniani zilikuwa zimebaki kwa umbo la koti moja lililoharibika.

Tarehe ya mwisho ya maombi ilikuwa imekaribia. Egide alikuja nyumbani na laptop yake, akaviangalia vile vipande muda mrefu.

"Zaina, sikiliza. Unakumbuka ulichoandika, si ndiyo? Unaandika tena. Mimi napanga ukurasa upya kwenye kompyuta, naweka mikunjo, naweka unjano kidogo. Itakuwa gazeti kabisa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si unaomba kazi? Kazi haiombwi na ukweli peke yake."

"Nakumbuka maana, Egide. Maneno yenyewe ya wale watu siyakumbuki. Nikiyaandika upya nitakuwa nimeyatunga."

Akafunga laptop yake. Yeye pia amekaa kwenye vipindi vile vile vya Madamu Clémence.

Basi tukatandika shuka jeupe mlangoni, kwenye mwanga, tukapiga picha kipande kimoja kimoja. Baba aliomba awe yeye anayetupa. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua kipande, akapitisha vidole ukingoni, akakitaja.

"Mkono wa kulia. Huu uko sawa."

"Kola ya chini."

"Mfuko wa ndani. Nisomee."

Nikamsomea. "'Tunafagia barabara ambayo watoto wetu hawapiti,' anasema Bi Solange, huku akiegemea..."

"Akiegemea nini?"

"Hapo ndipo panapoishia, baba."

Alipapasa ukingo pale. Ulikuwa mkato safi, mkato wa fundi.

"Ufagio, bila shaka," akasema baadaye. "Ataegemea nini tena."

Kipande cha mwisho kilikuwa mgongo. Hakukitaja. Alikiweka mapajani, akakilainisha kwa kiganja.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Kanombe.

"Baba, uliwahi kuliona? Jina langu. Hata mara moja."

Alijibu haraka. Haraka mno.

"La kwanza nililiona. Gazeti la kwanza kabisa. Nililiona vizuri sana. Lilikuwa chini, upande wa kulia, kwa herufi nene." Akatabasamu. "Nene hivi. Nikasema, huyo ndiye binti yangu."

Kile kipande kilikuwa mapajani pake. Jina langu lilikuwa juu, upande wa kushoto, jembamba, limelala, karibu na kidole gumba chake.

Egide alinitazama. Mimi nikatazama shuka.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Pale pale."

Siku iliyofuata tulimalizia tovuti kwenye maktaba ya chuo. Egide alikuwa ameniwekea jina kichwani mwa ukurasa, kubwa, katikati, kama inavyotakiwa. Nilimwomba anionyeshe jinsi ya kuhamisha.

"Kulipeleka wapi?"

"Mguuni. Chini kabisa, kulia. Herufi nene."

"Sha, umechanganyikiwa? Hakuna mtu anafika kule chini. Mtu anataka kujua wewe ni nani kabla ya kusoma."

"Kuna mtu ameshaliona likiwa kule."

Alinisogezea laptop, akaniacha nifanye kwa mkono wangu.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo hadi sasa. Ukifungua unakutana na mgongo wa koti. Ukishuka kuna mikono, kola, mifuko, kila kimoja kimebeba makala isiyo na mwisho, na chini yake maelezo mafupi ya kilichotokea. Nimeandika wazi kwamba sijajazia neno. Mwisho kabisa, baada ya kila kitu, upande wa kulia: jina.

Nilimpelekea baba laptop ya Egide karakanani. Nilimweleza kila kitu kilipo. Alisikiliza amefumba macho.

"Na jina?"

"Chini, upande wa kulia. Herufi nene."

"Kama kawaida," akasema.

Nilituma maombi. Jibu lilikuja fupi na la heshima. Walisema tovuti imetengenezwa vizuri na ina wazo, lakini wao wanahitaji makala kamili zinazoweza kuthibitishwa. Wakaongeza ushauri, kwa nia njema: jina la mwandishi lilikuwa vigumu kuonekana, mara nyingine niliweke juu.

Nafasi ilikwenda kwa mwingine, na siwalaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa mhariri ningeuliza maswali yale yale.

Cherehani imefunikwa kwa kile kitambaa cha kijivu chenye mistari. Mama ameanza kuuza sambusa mlangoni. Mimi nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutengeneza tovuti zao, na jambo la kwanza ninalowaambia ndilo ninalowaambia na ninyi: kazi yako ikichapishwa tu, siku hiyo hiyo, hifadhi nakala sehemu zaidi ya moja, tena mahali pasipo pa mwajiri. Tovuti ya mtu mwingine si kabati lako.

Jambo la pili si la tovuti. Mzazi wako akikuomba umsomee, msomee, halafu siku nyingine mpe yeye akusomee wewe. Presha ya macho haipigi hodi. Nilikuwa nasomea kazi ya kutazama watu, na yule aliyekuwa mbele yangu kila siku nilimwona amefumba macho nikaandika moyoni kwamba ni furaha.

Sasa swali langu.

Kuna nafasi nyingine imetangazwa. Egide anasema safari hii nisifanye mchezo, nipandishe jina juu, kubwa, katikati. Ni kazi ya dakika chache na najua kuifanya. Nimeshika kipanya cha kompyuta mara kadhaa, nikaachia.

Shida ni hii. Baba hana kazi sasa, anakaa mlangoni karibu na sambusa za mama. Kila anayekuja kuchukua kitambaa chake kilichobaki, kila jirani anayesimama kumpa pole, anamwambia atoe simu. Ameikariri anwani ya tovuti yangu herufi kwa herufi. Anawasubiri wafungue, halafu anawaongoza kwa mkono hewani.

"Shuka," anawaambia. "Shuka tu, usisimame. Mpaka chini kabisa. Sasa angalia kulia. Herufi nene. Umeliona?"

Nao wanasema wameliona. Juzi Bosco alipita na mke wake mpya, akashuka mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Nimeliona, Mzee. Liko nene kweli."

Wakuu, ningekuwa mahali penu ningesoma na kuondoka, kama nilivyozoea. Msiondoke. Nishaurini. Nikilipandisha jina langu, ni nani atakayemwambia baba?